Umbo la Mwanamume na Biashara ya Picha

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo ambalo kwa desturi halitajwi majumbani, kwa kuwa wengi hudhani kuwa halipo. Tumezoea kusikia habari za mabinti wanaohangaishwa na uzuri: nywele za bandia, mafuta ya kuchubua ngozi, na nguo za kubana. Hotuba zatolewa, makala zaandikwa, na mama huketi na binti yake wakasemezana. Lakini ni nadra sana kumsikia mzazi akiuliza, Je, mwanangu wa kiume auonaje mwili wake? Mwanamume, tumeambiwa, hana haja na kioo. Basi sisi tulio pamoja na vijana asubuhi na jioni twasema kuwa mambo sivyo yalivyo. Wako vijana wa Kiislamu, wazuri wa tabia na wa akili, wanaoteseka kimya kimya kwa sababu ya meno yao, miguu yao, vifua vyao na rangi zao. Na wazazi wao waliolala chumba cha pili hawana habari.

Chuo chetu kiko Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru, kando ya barabara kuu iendayo Longido na Namanga. Mwalimu wa Kurani hana budi kutazama midomo ya wanafunzi wake, kwani herufi hazijulikani kwa sikio peke yake. Ziko herufi tatu, nazo ni tha, dhal na dha, ambazo zataka ncha ya ulimi itokeze kidogo kwenye ncha za meno ya juu ya mbele. Msomaji asipofungua midomo, tha hugeuka kuwa sin, na maana ya neno ikapotea. Tulikuwa na kijana wa miaka kumi na sita, sauti yake ni ya kupendeza mno, na hifadhi yake ni njema; lakini herufi hizo tatu zilimshinda. Tulimrudisha mara nyingi. Mwisho tukamwita faraghani tukamwambia asome mbele yetu pole pole, ndipo ilipodhihirika kwamba ulimi wake ni mzima kabisa. Alichokuwa akikikataa ni kuonyesha meno.

Meno yake ni ya rangi ya kahawia, kama yalivyo meno ya watu wengi wa kwetu. Alitueleza kuwa mwaka uliopita alikwenda Tanga kwa mjomba wake, na vijana wa huko wakamwuliza kama avuta tumbaku. Tangu siku hiyo akawa hacheki isipokuwa ameweka mkono mdomoni. Katika simu ya kaka yake aliona picha za wanaume wanaosifiwa, waimbaji na wachezaji wa mpira na wale wanaojionyesha tu pasipo kazi nyingine, na kila mmoja wao ana meno meupe kama karatasi. Akaanza kuyasugua yake kwa mchanga laini na majivu, alfajiri kabla ya Sala, mpaka fizi zikatoka damu. Baba yake alidhani kijana ameshika sunna ya mswaki kwa bidii, akafurahi.

Kwa kuwa wako wasomaji wetu wa mbali wasioijua habari hii, na wako wa karibu waijuao vibaya, yafaa tuieleze. Mlima Meru ni mlima wa volkano. Mawe na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yapitayo humo huichukua. Floraidi ikiwa kidogo huimarisha meno, ndiyo sababu hutiwa katika dawa za meno; ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na nchi yetu kwa miaka mingi ililazimika kuruhusu mpaka miligramu 4, kwa sababu katika mikoa kama huu wetu yako maji mengi yaliyopita kiasi hicho. Chemchemi na visima vingi vya pande zetu ni vya namna hiyo. Mtoto anywaye maji hayo tangu utotoni mpaka miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yakifanyika ndani ya fizi, hutoka na meno yenye madoa. Doa hilo limo ndani ya jino. Halikuja kwa uchafu, wala kwa tumbaku, wala kwa laana, na halitoki kwa mchanga wala kwa majivu. Asuguaye huondoa jino lenyewe akaliacha doa. Mswaki ni sunna na ni usafi, na mwenye kuutumia ana thawabu zake, lakini asiutarajie kufanya lisilokuwa kazi yake.

Basi kijana huyu alikuwa akijiadhibu kwa kosa la mwamba.

Tulipokwisha kuijua habari yake tuliwauliza wenzake, mmoja mmoja, bila ya kuwaaibisha, na hapo ndipo tulipoona kuwa meno yalikuwa mlango tu. Mmoja alisema hafiki mtoni kuoga pamoja na wenziwe kwa sababu miguu yake ni membamba. Wa pili huvaa fulana mbili ndani ya kanzu, hata wakati wa jua, ili aonekane ana kifua. Wa tatu ameacha kula nyama choma ya Idi kwa kuogopa tumbo, naye ni mwembamba kama ufito. Tulipouliza, Nani aliyewaambia kwamba mwanamume apasa kuwa hivi au vile? wote walionyesha kitu kimoja, nacho ni simu.

Kabla hatujailaumu simu, na tukaridhika nafsi zetu kuwa sisi wazee tulikuwa salama, yapasa tukumbuke kwamba kila zama ina kipimo chake cha mwanamume. Wamasai na Waarusha, ambao ndio wenyeji wa hapa, walikuwa na chao. Kijana aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini, akatobolewa na kuvutwa ndewe za masikio. Alipokuwa morani alisuka nywele ndefu akazipaka udongo mwekundu. Bila ya hayo hakuhesabiwa kuwa mzuri. Leo wako vijana wa kabila hilo hilo waendao kushonwa masikio ili wasijulikane. Kilichokuwa fahari ya babu kimekuwa aibu ya mjukuu, na sikio ni sikio lile lile.

Tena Arusha ina kisa chake mahususi, ambacho vijana wengi hawakukisikia. Mwishoni mwa mwaka 1967 na katika mwaka 1968, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, wakuu wa serikali walianzisha kampeni ya kuwabadilisha Wamasai mavazi. Iliamriwa kuwa Mmasai aache lubega, ngozi na udongo mwekundu, avae suruali na shati. Na aliyekaidi alikataliwa hata kupanda basi. Mojawapo ya hoja zilizotolewa ni kwamba watalii huwapiga picha watu hawa, wakawaonyesha watu wa kwao kana kwamba ni sehemu ya wanyama wa porini. Mwezi Oktoba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU nao ukapitisha azimio lake juu ya mavazi, lililoanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969: sketi fupi, nywele za bandia, mafuta ya kuchubua, na suruali za kubana, hayo yote yalipigwa marufuku. Kwa hiyo katika mwaka mmoja kijana mmoja aliambiwa aivae suruali, na mwingine akaambiwa aivue.

Sisi hatusemi kuwa mwili ukae wazi. Dini yetu ina mipaka ya sitara, kwa mwanamume na kwa mwanamke, na mipaka hiyo twaijua. Lakini kumfundisha mtu kujisitiri ni jambo moja, na kumfanya auonee haya mwili aliopewa na Muumba wake ni jambo jingine. Wazee wa hapa walioyaona mambo yale wasimulia kwamba kilichowauma si suruali yenyewe, bali ni kule kutazamwa na kondakta kutoka utosini mpaka vidoleni mbele ya watoto wao.

Nini kilifuata? Twaa kadi yo yote ya posta inayouzwa katika maduka ya watalii mjini Arusha, utamwona morani, kifua wazi, udongo mwekundu, jua linatua nyuma yake. Picha yake hutumiwa kutangaza safari na hoteli. Mwili ni ule ule ulioonewa haya mwaka 1968. Kilichobadilika ni kuwa sasa yuko anayelipa. Na mwenye kupigwa picha mara nyingi hapati hata bei ya soda. Huko pwani, Mombasa na Unguja, vijana wa Kimasai na wa Kisamburu wamekwenda kuuza shanga na kulinda mahoteli, na baadhi yao wameingia katika mambo ambayo hatupendi kuyaeleza katika ukurasa usomwao na watoto. Soko lilivyokuwa kubwa, vijana wasiokuwa Wamasai nao wakajifunga shuka nyekundu wakajiita Wamasai, maana mgeni hakuja kumtafuta mtu, amekuja kuitafuta picha aliyoiona kwao. Mwanamke mmoja wa Uswisi, Corinne Hofmann, alitoa kitabu mwaka 1998 juu ya ndoa yake na morani aliyekutana naye pwani ya Kenya, na mwaka 2005 kikafanywa senema. Jina la kitabu lataja Umasai, hali mume anayesimuliwa ni Msamburu. Hata kabila lake halikuwa na haja.

Senema nayo imetupitia mlangoni. Mwaka 1962 ilitoka senema ya Marekani iitwayo Hatari!, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa pande hizi hizi za Arusha, na mtu wake mkuu alikuwa John Wayne. Mwanamume wa senema hiyo ni Mzungu mrefu mwenye mabega mapana, akamataye vifaru kwa kamba. Watu wa kwetu wasimama nyuma yake, wakishika vitu. Aliyeitazama akiwa kijana alijifunza, bila ya kufundishwa, ni mwili wa nani unaostahili kuwa mbele.

Biashara hii ya kuuza umbo la mwanamume si ya jana. Eugen Sandow, mtu wa Prussia aliyezaliwa mwaka 1867, alijipatia mali Uingereza kwa kuonyesha misuli yake na kuuza picha zake. Mwaka 1901 alifanya mashindano ya miili ya wanaume katika jumba la Royal Albert Hall mjini London, na ukumbi ukajaa. Baada yake akaja Charles Atlas, Mtaliani aliyehamia Marekani, ambaye matangazo yake yalichapwa kwa miaka mingi katika vitabu vya picha vya watoto. Matangazo hayo yalikuwa na hila moja ambayo ingali ikitumika: kwanza humwonyesha kijana mwembamba akidhalilishwa, kisha humwuzia dawa ya fedheha hiyo. Kijana ambaye hakuwa na fedheha yo yote alipofungua kitabu, hukifunga akiwa nayo.

Na kipimo chenyewe hakikai mahali pamoja. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwapima vijisanamu vya askari wanavyochezea watoto wa kiume, viitwavyo GI Joe, wakahesabu vingekuwaje kama vingekuwa na urefu wa mtu. Mkono wa kile cha mwaka 1964 ungekuwa na mzunguko wa inchi 12 hivi, kama mkono wa mtu wa kawaida. Cha miaka ya 1990 kilichokuwa kikubwa kupita vyote kingekuwa na mkono wa karibu inchi 27, ambao hapana binadamu aliyewahi kuwa nao. Mwaka uliofuata watafiti hao walichapa uchunguzi mwingine, uliofanywa kwa vijana wa kiume wa Austria, Ufaransa na Marekani. Waliwaonyesha picha za miili wakawaambia wachague ule wanaotamani kuwa nao. Wote walichagua mwili wenye misuli zaidi ya waliyo nayo kwa kilo 13 hivi, na walidhani kuwa wanawake wapenda mwili kama huo. Wanawake walipoulizwa walichagua mwili wa mtu wa kawaida. Basi hata mnunuzi waliyemkusudia hakuitaka bidhaa!

Huku kwetu Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Unguja walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba wa leo mwenye miaka hamsini alimaliza ujana wake akiwa amewaona wanaume wachache tu: baba yake, wajomba zake, mwalimu, na watu wa sokoni, na wote walikuwa na matumbo, makovu na mapengo kama watu. Mwanawe amekwisha kuona, kabla ya Sala ya adhuhuri, wanaume mia waliochaguliwa katika watu milioni nyingi, tena wamepakwa mafuta, wamewekewa taa ubavuni ili kila msuli utupe kivuli, na picha imerekebishwa kwa programu ya simu. Watunisha misuli wenyewe hueleza kwamba kabla ya kupigwa picha hupunguza chumvi na kuacha kunywa maji, ili ngozi ishikane na nyama. Kwa hiyo kifua kile tukionacho ni kifua cha mtu mwenye kiu, na kesho yake hakipo. Kijana wa Oldonyo Sambu ajipimaye kwa picha hiyo ajipima kwa saa moja ya maisha ya mtu asiyemjua.

Twafika sasa kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kijana mwingine, tunayemjua tangu akisoma juzuu ya Amma, alikwenda mjini Arusha kuendesha bodaboda. Huko akaingia jimu. Hilo si ovu, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimsifu muumini mwenye nguvu kuliko dhaifu, ingawa katika wote wawili kuna kheri, na ye yote atakaye kunyanyua vyuma, kukimbia au kucheza mpira, akiwa amejisitiri, twamwombea siha. Lakini miezi ilipopita bila ya kifua kuwa kama kile cha simu, rafiki akamletea vidonge, kisha sindano, chupa haina hata karatasi. Alipata misuli, hatukatai. Baada ya mwaka alipata na chunusi mgongo mzima, na hasira ambazo hakuwa nazo, akagombana na mama yake kwa ajili ya chumvi ya mboga. Kisha matiti yakaanza kumtoka kama ya msichana. Akawa havui koti hata ndani ya nyumba. Alitujia usiku, kwa kuwa hakuweza kumwambia baba yake, na alilia.

Dawa hizo ni homoni za kiume zilizotengenezwa, au mfano wake. Mwili unapozipata kutoka nje huacha kutengeneza zake. Korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua au hukoma, na ziada ya homoni hugeuka kuwa ya kike, ndiyo maana matiti hutoka. Moyo hunenepa, damu huwa nzito, na vidonge hudhuru ini. Akiacha, mwili waweza kuchukua miezi, pengine miaka, kurudi katika hali yake. Huko nyuma tulidhani haya ni mambo ya wakimbiaji wa dunia, kama yule Ben Johnson wa Kanada aliyenyang'anywa medali yake ya mita 100 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Leo dawa hizo huuzwa mkononi kama karanga. Kijana aliyetaka kuonekana mwanamume kamili apunguziwa kile ambacho kwacho angekuwa baba. Huyu wa kwetu tulimpeleka kwa daktari, akaamriwa kuacha. Ameacha, lakini posa yake imesimama mpaka ijulikane hali yake, na hatujui itakuwaje. Twawaomba wasomaji wamwombee dua.

Mafuta ya kuchubua nayo wanaume wameyaingia, kwa siri kuliko wanawake. Yale yenye zebaki na haidrokwinoni ni marufuku nchini, na Bunge la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yapo hapa Arusha, mwaka 2019 lilitaka haidrokwinoni ipigwe marufuku katika nchi zote wanachama. Hatutayarefusha, yamekwisha kusemwa mengi.

Vijana hutuuliza, Je, dini yasemaje? Kwani Mwenyezi Mungu si mzuri naye apenda uzuri? Naam, imepokewa hivyo, na Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu aliyekuja na nywele za timtim akazitengeneze. Hapana sifa katika uchafu. Lakini tazameni namna alivyoitazama miili ya watu. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alipanda mti wa mrak kuchuma miswaki, na upepo ukafunua miundi yake, ambayo ilikuwa membamba sana, Masahaba wakacheka. Mtume (s.a.w.) aliwauliza wacheka nini, kisha akawaambia kwamba miguu hiyo ni mizito katika mizani kuliko mlima wa Uhud. Angaliani: hakumwambia Ibn Mas'ud kuwa miguu yake si membamba, wala hakumpa dawa ya kuinenepesha. Membamba ilikuwa, na membamba ikabaki. Naye ni katika wale ambao Kurani yachukuliwa kwao. Sisi tulimsimulia kisa hiki yule asiyekwenda mtoni, na kwa mara ya kwanza tulimwona akitazama miguu yake mwenyewe bila ya kuifunika.

Kiko na kisa cha Zahir, mtu wa jangwani, ambaye sura yake haikuwa ya kupendeza. Hutushangaza kuwa hakisimuliwi zaidi katika nchi ya wafugaji kama hii. Alikuwa sokoni akiuza bidhaa zake, Mtume (s.a.w.) akamjia kwa nyuma akamkumbatia, akawa afanya mzaha, nani atamnunua mtumwa huyu? Zahir alipomtambua akajibu kwamba bei yake itakuwa hafifu. Huyo ni mtu aliyekwisha kujipima kwa macho ya soko, akajua thamani yake. Akajibiwa kwamba kwa Mwenyezi Mungu yeye si hafifu. Na katika Suratul Munafiqun wametajwa watu ambao miili yao humpendeza mtazamaji, nao ni kama magogo yaliyoegemezwa ukutani. Hatusemi kwamba kila mwenye kifua kipana ni mnafiki, hasha! Twasema kwamba jicho peke yake si mizani.

Wengine huuliza juu ya kwenda kwa daktari wa meno, kwa kuwa wako mjini wanaoweza kuyafunika madoa au kuyapunguza. Sahaba mmoja aitwaye Arfaja alikatwa pua vitani, akatengenezewa ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamruhusu kuweka ya dhahabu, hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kwa hoja hiyo wanachuoni wengi wametofautisha kati ya kuondoa kasoro na kubadilisha umbo kwa kujifaharisha. Basi mwenye uwezo na aende kwa daktari wa haki, asiende kwa fundi wa kichochoroni mwenye tindikali. Asiye na uwezo, na walio wengi hawana, hana dhambi wala upungufu. Na ninyi wakubwa mnaowaita watoto kwa majina ya maumbo yao, Kimbau, Bonge, Meno ya Magadi, hata kama ni kwa mapenzi, jueni kwamba simu haikuanza kazi hii. Mliianza ninyi, nayo imepokea.

Tukiyataja magadi, twamaliza na lililo mikononi mwa akina mama. Magadi yatiwayo katika maharage na makande ili yaive upesi yana floraidi nyingi. Mtoto mdogo apikiwe bila ya magadi, ijapokuwa kuni zitazidi. Kuyachemsha maji hakuiondoi floraidi; maji hupungua, nayo hubaki. Ngurdoto kiko kituo cha serikali cha utafiti wa kuipunguza, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mwenye kutaka maelezo aende huko. Maji yaliyo mepesi kupatikana na yasiyo na floraidi ni ya mvua. Chuoni kwetu wazazi wamechangia mfereji wa bati na simtanki moja. Mvua ya kwanza huachwa ipite, kwa sababu ya vumbi la paa, kisha bomba huelekezwa ndani. Maji hayo hatuyatumii kutawadhia. Kwa udhu kisima chatosha. Ni ya kunywa tu, na wa kwanza kunywa ni wale walio chini ya miaka minane.